Kaseti za wazee si za kufukuzia ndege

Mtu anayeanzisha studio nyumbani kwake Wamaza leo hanunui tena redio-kaseti. Anatafuta kompyuta iliyotumiwa, maikrofoni moja, paneli ya sola na batri, anatundika mablangeti ukutani ili sauti isirudi, kisha anaita vijana wa kwaya. Wimbo uliorekodiwa asubuhi, jioni uko katika simu za watu. Asiye na megabaiti anakwenda kwa kijana anayechaji simu, anatoa franga kidogo, anajaziwa nyimbo kwenye kadi. Ndivyo mambo yanavyokwenda kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na hakuna sababu ya kuwekea kaseti matanga. Waliozitumia wanakumbuka taabu zake. Mawe ya redio yakianza kufa, mwimbaji anavuta sauti kama mgonjwa. Utepe ukimezwa na mashine, mtu anautoa polepole kwa vidole na kuurudisha kwa kalamu ya Bic. Mwimbaji mmoja akikosea neno, kwaya nzima inaanza upya.

Shida ni kwamba katika kuhama huku kuna hatua iliyorukwa. Vyombo vipya vimeingia nyumbani, vya zamani vimetoka, na katikati hakuna aliyekaa chini kuhamisha sauti zilizokuwa ndani ya kaseti. Redio-kaseti inauzwa kwa fundi anayetaka spika yake au mota yake tu. Kaseti zenyewe zinabaki katika boksi chini ya kitanda, zinaota kuvu msimu wa mvua, halafu watoto wanazipata. Na kila mlimaji wa mpunga anajua utepe wa kaseti unafaa kwa nini: ukivutwa kutoka kijiti hadi kijiti unang'aa juani na kuvuma kwenye upepo, na ndege wanaogopa kutua. Kwa mpunga ni dawa nzuri. Ila ndani ya utepe ule huenda kuna babu anayehesabu ukoo wake tangu mwanzo, na sauti yake haipo mahali pengine popote duniani.

Isieleweke vibaya. Boksi la kaseti la nyumba ya kawaida limejaa zaidi nyimbo za Kinshasa zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo ile ilinakiliwa kutoka nyingine. Hizo hazina haraka. Nyimbo hizo zipo kwa wengi, tena katika sauti safi kuliko hiyo. Zinazostahili kuhangaikiwa ni zile ambazo mtu alibonyeza vitufe viwili pamoja, cha kucheza na cha kurekodi, mbele ya watu wa nyumbani: ngoma ya matanga, mahubiri ya mchungaji au mawaidha ya shehe aliyekwisha kufa, mama akiimba wakati wa kutwanga, mzee akieleza mpaka wa shamba unapita mto gani na mti gani. Kuna pia barua za sauti. Wakati wa vita vya 1996 na vya 1998, barabara zilipofungwa na simu za mkononi zilikuwa bado, habari zilikwenda kwa fonia, na fonia husikilizwa na kila mtu aliyesimama karibu. Mwenye neno la siri alilisema kwenye kaseti na kuikabidhi kwa msafiri wa baiskeli. Kaseti kama hiyo ni barua ya familia, hata kama juu yake bado pameandikwa jina la orchestra.

Kaseti haikuundwa ili iishi daima. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na ilikusudiwa zaidi kwa kurekodi maneno kuliko muziki. Ndani yake kuna ukanda wa plastiki wenye upana usiofika milimita 4, uliopakwa unga wa chuma ulioshikwa na gundi. Sauti ni namna unga ule ulivyopangwa na sumaku. Gundi ikichoka, unga unabaki kwenye kichwa cha mashine na sauti inabaki humo humo. Kaseti za dakika 120 zina ukanda mwembamba kuliko za 60, na ndizo zinazokatika upesi. Wakati mwingine utepe ni mzima kabisa, kilichoanguka ni kile kisponji kidogo kinachousukuma kwenye kichwa. Mtu anasikia sauti inafifia, anadhani kaseti imekufa, anaitupa. Fundi mwenye bisibisi angeuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine kwa nusu saa na ingesema tena.

Kinachotisha zaidi si utepe, ni mashine za kuuchezea. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na shirika la kimataifa la watunza sauti linaloitwa IASA, walitoa onyo kwa dunia nzima: kufika karibu na 2025, mashine nzuri za kuchezea kanda zingekuwa adimu kiasi kwamba sauti nyingi zisingeweza kuokolewa tena, hata kama kanda zenyewe zingali nzima. Majumba makubwa ya kumbukumbu yana mafundi na fedha. Nyumba ya Wamaza yenye redio-kaseti moja iliyovunjika mlango inahusika zaidi.

Anayesema kaseti ya mtu mdogo haina thamani angesikiliza kilichotokea Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji mmoja wa pale, Tshibumba Kanda Matulu, aliuza picha zake kwa mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Johannes Fabian. Picha zilisimulia historia ya nchi tangu zamani za wazee mpaka Zaire ya wakati ule. Mchoraji hakuishia kuleta picha. Alizieleza moja moja, kwa Kiswahili cha mjini, huku kanda inazunguka. Baada ya miaka michache alipotea, na tangu karibu 1981 haijulikani alikwenda wapi. Fabian alitoa kitabu juu yake mwaka 1996, na mazungumzo yale yakaandikwa kwa Kiswahili chake kilekile na kuwekwa kwenye intaneti, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Tshibumba hakuwa waziri wala profesa. Alikuwa mchoraji wa mtaani aliyeuza picha nyumba kwa nyumba. Kama kanda zile zingekwenda shambani kufukuza ndege, picha zingebaki bila maneno ya aliyezichora.

Maniema nayo ina mtu wake. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akavuka kwenda Tanzania mwaka 1978, na huko yeye na Super Matimila walirekodi kwa kanda katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kabla ya dunia kumsikia kwa albamu ya Songs for the Poor Man, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili 2010. Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa studio ya takriban orchestra zote za nchi ile kwa miaka mingi, ikajaza makabati ya kanda, na katika miaka ya 2010 kukawa na watu wa Tanzania Heritage Project waliosimama kudai zihamishwe kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Redio ya taifa zima ilihitaji kusukumwa. Basi asishangae mtu kwamba nyumbani kwa watu jambo hili limelala.

Sasa wenye studio za nyumbani wanasema nini? Wengi husema kazi hii haina faida, na katika hilo wana haki. Kaseti haihamishwi kwa kubonyeza kitufe kimoja kama picha ya simu. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60, ya 90 inataka saa moja na nusu, na muda wote huo mtu akae anasikiliza, maana utepe unaweza kukwama wakati wowote. Boksi la kaseti 40 za saa moja ni saa 40 za batri na za mtu. Mwenye studio hawezi kuombwa afanye yote hayo bure kwa sababu tu wazee wanapendwa. Alipwe kwa saa, kama anavyolipwa na kwaya. Kanisa, msikiti, chama cha wakaaji wa kijiji kilichohama, wote wanaweza kuchanga kwa kaseti mbili tatu kila mwezi. Redio za jamii, kama Sauti ya Mkaaji kule Kasongo, zinaweza kutangaza siku ya kuleta kaseti ili mwenye studio apange mashine yake mara moja na afanye kumi badala ya moja.

Lakini akishalipwa, afanye kazi ya kweli. Kuna mtindo umeingia wa kuweka simu mbele ya spika ya redio na kurekodi hivyo, kuku wa jirani wakiingia ndani. Huko si kuhamisha. Waya utoke kwenye tundu la ekuteri la redio-kaseti, uingie kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na kompyuta kuukuu inaibeba. Kabla ya yote kichwa cha mashine kisafishwe kwa pamba na alkoli ya duka la dawa. Lotoko si alkoli ya kusafishia, hata kama inawaka moto. Vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti vivunjwe, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi na kufuta kile alichokuja kuokoa. Na redio ile isiendeshwe kwa mawe yanayokufa. Iunganishwe na batri ya sola iliyojaa, la sivyo mzee atasikika sawa mwanzoni na mzito mwishoni.

Halafu kuna suala la MP3. Vijana wanaipenda kwa sababu ni ndogo: saa moja ya sauti ni karibu megabaiti 60. Inakuwa ndogo kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Kwa simu inafaa sana. Kwa nakala mama ihifadhiwe WAV, ambayo haitupi kitu. Kwa ubora wa CD, saa moja ya WAV ni kama megabaiti 600 na kidogo. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu kaseti 50 za saa moja. Yaani boksi zima la nyumba, ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nani anasema hakuna nafasi? Na nakala mama isisafishwe. Programu zina uwezo wa kuondoa mvumo wa utepe, lakini zikizidishwa zinaondoa pia ncha za maneno, na bibi anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Mvumo ubaki, mvua juu ya mabati ibaki. Anayetaka usafi asafishe nakala ya pili.

Kwa familia zilizokimbia, udogo huo wa kadi ndio habari yenyewe. Waliotoka Kabambare kwa miguu, waliohama mara moja, mbili, tatu kwa sababu ya mapigano ya Mai-Mai Malaika na jeshi katika pande za Salamabila, wanajua mtu anabeba nini usiku ule: watoto, sufuria, godoro kama nguvu ipo. Boksi la kaseti linabaki. Likibaki na nyumba ikachomwa, plastiki haichukui dakika mbili. Kadi inaweza kushonwa kwenye pindo la kikwembe na ikavuka.

Hata hivyo kadi si sanduku la chuma. Sokoni kuna kadi za uongo, zimeandikwa 64 juu na ndani hazina hata robo. Zinapokea faili zote bila kulalamika, na siku ya kufungua hakuna kitu. Ijaribiwe kwanza kwa kuijaza na kucheza kile kilichowekwa mwisho. Hata ya kweli hufa siku moja bila onyo, na haifi nusu kama kaseti. Utepe uliokatika unaunganishwa, mtu akapoteza neno moja. Kadi ikifa imekwenda na kaseti zote 50. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Kama familia iko Wamaza, moja iende kwa ndugu wa Kasongo au Kindu. Na kaseti yenyewe isitupwe hata baada ya kuhamishwa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya wenye studio wengi: wanadhani dijitali maana yake kazi imekwisha.

Jambo jingine ni majina. Kaseti ilikuwa na karatasi, hata kama mwandiko ni mbaya: "Baba, matanga ya Kasongo." Faili inaitwa AUDIO0017, na baada ya mwaka hakuna anayejua ni nani. Kuandika jina refu kwenye kompyuta ni vizuri, lakini jina la faili hubadilika au hupotea likitoka simu hii kwenda ile, na mama asiyejua kusoma halimsaidii. Dawa ni nyepesi. Kabla utepe haujaanza kuzunguka, mtu wa familia aseme kwenye maikrofoni: sauti hii ni ya fulani mwana wa fulani, ilirekodiwa kijiji fulani, mwaka fulani au wakati wa tukio fulani, kaseti iko kwa fulani, imehamishwa leo tarehe hii. Nusu dakika. Utambulisho unakaa ndani ya sauti na hauwezi kubanduka.

Linabaki suala zito zaidi, nalo halihusu mashine. Kaseti ilikuwa na ulinzi wake wa asili: mtu alihitaji kuwa nayo mkononi, na mashine, na mawe. Faili haina ulinzi huo. Inaingia WhatsApp na kufika Bukavu kabla ya chai kupoa. Kuna kaseti ambazo watu walisema nani alichoma nyumba ya nani, nani aliongoza askari njia, nani alichukua ng'ombe na mbuzi. Waliotajwa wengine ni hai. Watoto wao wanasoma darasa moja na watoto wa waliotaja. Na mwenye simu anapita barieri, simu inashikwa na kufunguliwa. Sauti ya namna hiyo ihamishwe, ndiyo, kwa kuwa siku moja itahitajika, lakini mwenye studio asibaki na nakala kwenye kompyuta yake bila ruhusa, na asiicheze mbele ya wateja. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, nayo inagusa habari za watu binafsi. Wamaza haihitaji kungoja hakimu aje kuielezea. Mwenye kaseti aulizwe maneno mawili: nani anaweza kusikia, na tangu lini. Jibu lirekodiwe pamoja na utambulisho.

Vivyo hivyo kwa kaseti za mashamba. Sauti ya babu akitaja mto na mti haimpi mtu shamba. Shefu atawaita majirani na wazee wengine, kama ilivyo desturi, na upande wa pili huenda una kaseti yake. Lakini familia iliyokaa miaka mingi mbali na kijiji, ambayo watoto wake hawajawahi kuuona mto ule, inarudi na maneno ya kuanzia. Bila hayo inarudi mikono mitupu mbele ya yule aliyelima pale wakati wao hawapo.

Na nakala irudi kwa wenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kapkatet, Kenya, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Sauti zilikaa kwenye hazina yake ya Afrika Kusini zaidi ya miaka 60 kabla ya hazina hiyo, pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi, kuanza mwaka 2014 kuzirudisha kwa jamii zilizoimba. Wengi wa waimbaji walikuwa wamekwisha kufa. Studio ya nyumbani iliyoko mtaa wa pili haina kisingizio cha kuchelewesha nakala hata wiki. Haina pia ruhusa ya kukata kipande cha mama akiimba, kukitilia mdundo na kukiuza kama wimbo wake. Hilo limeanza kusemwa kama ubunifu. Ni wizi, isipokuwa mama au watoto wake wamekubali.

Asiyeweza kulipia boksi zima achague. Kwanza kaseti yenye sauti ya mtu aliyekufa na ambayo haina ya pili. Kisha ya mzee aliye hai lakini asiyeweza tena kuimba au kukumbuka. Kisha barua. Nyimbo za Kinshasa mwisho kabisa, kama franga zitabaki. Na mwenye redio-kaseti inayozunguka bado, hata kama mlango wake umevunjika na upande mmoja hausemi, asiiuze kwa fundi anayetafuta spika.